Viwanda vya bia tusivyovihesabu

Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Mgeni akifika nchi ile leo hupitishwa kiwanda hadi kiwanda, anaonjeshwa, anaelezwa nafaka iliyotumika, maji yalikotoka na watawa walioanzisha mapishi hayo. Sina kijicho na Wabelgiji, wamestahili. Ninachouliza ni hiki: mtu akitaka ziara ya namna hiyo katika Mkoa wa Tabora, nchi iliyopika pombe vizazi na vizazi kabla reli haijafika, kwa nini tunampeleka kwenye baa yenye friji na kumfungulia chupa ile ile aliyoinywa juzi Dar es Salaam?

Bia ya chupa siichukii. Ina historia yake, na ni historia yetu pia. Kampuni ambayo leo ni TBL ilianza kupika Dar es Salaam mwaka 1933. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ikawa chini ya umma, na mwaka 1993 Waafrika Kusini wakaingia ubia na Serikali. Viwanda vyake viko Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Mbeya. Washindani wao, kampuni ya bia ya Serengeti, wako Dar es Salaam, Mwanza na Moshi. Tabora haimo katika orodha yoyote kati ya hizo mbili. Kila kreti inayoshushwa Nzega, Igunga au Urambo imefika kwa lori, na sehemu kubwa ya fedha inayolipwa kaunta hurudi ilikotoka.

Viwanda vya bia vya Tabora vipo, ila viko uani. Wenyewe ni wanawake, mitambo yao ni mapipa, vyungu na jiko la mafiga, na bidhaa yao haina lebo. Maoni yangu katika makala haya ni kwamba mwanamke yule ni fundi na mwenye kiwanda kwa kila maana ya maneno hayo, na kwamba tumemnyima hadhi hiyo kwa muda mrefu, kwa hasara yake na yetu sote.

Tuifuate barabara ya zamani ya misafara, ndiyo ziara ninayoipendekeza. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani kwa maelfu kila mwaka wakiwa na pembe za ndovu, wakapanda bara na vitambaa, shanga na waya, kila mmoja akiwa na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ilikuwa mwendo wa miezi mitatu au zaidi, kadiri mvua, njaa na hongo zilivyoruhusu. Kila nchi waliyopita ilikuwa na kinywaji chake, na kila kinywaji kilieleza udongo wa pale. Pwani kulikuwa na tembo la mnazi, ambalo mgema hulipandia asubuhi na jioni. Ugogo, mvua ni chache, basi kinywaji ni cha mtama na uwele, nafaka zinazovumilia jua. Mwisho wa njia, Ujiji, mgema alikuwa juu ya mchikichi, na kutoka Buha ilikuja pombe ya ndizi. Siku hizi Dodoma ina mvinyo wa zabibu pia, na tunautangaza kwa wageni bila haya, ingawa zabibu ni zao la juzi tu mbele ya mtama. Mtama ndio tunaouonea haya.

Katikati ya njia ile ni Unyamwezi, na hapa kinywaji ni cha aina mbili. Ya kwanza ni pombe ya mtama. Ya pili ni wanzuki, pombe ya asali, mtoto wa misitu ya miombo. Asali ya Tabora haihitaji kusifiwa: ushirika wa wafuga nyuki wa Tabora ulianzishwa mwaka 1962, na mjini kipo Chuo cha Ufugaji Nyuki. Wafugaji wamening'iniza mizinga ya magome na ya magogo msituni tangu enzi za mababu, na sehemu ya asali hiyo, pamoja na maji ya kuoshea masega, imekuwa ikiishia kwenye chungu cha wanzuki. Ukiinywa ukiwa umekaa chini ya mwembe Tabora, unakunywa maua ya msitu ule ule ambao misafara iliupita. Hakuna kiwanda cha Mwanza kinachoweza kukupa hilo.

Sasa tuingie Lusu. Ni kata ya Wilaya ya Nzega, kaskazini mwa mkoa, na ndiyo iliyoupokea mgodi wa Golden Pride mwishoni mwa miaka ya 1990, mgodi mkubwa wa kwanza wa kisasa wa dhahabu nchini tangu uhuru. Miaka kama kumi na mitano baadaye dhahabu ikaisha, mgodi ukafungwa. Wanaoijua migodi wanajua mwenendo wake: bia ya chupa hufuata mishahara, na mishahara ikiondoka kreti nazo hupungua. Pombe ya mtama haikungoja mgodi ufunguliwe, wala haikuondoka na wachimbaji. Mashamba ya nchi hii yaliilisha kabla ya dhahabu, nayo ndiyo yanayoilisha baada yake. Anayetaka kujua ni biashara gani hudumu, hapo pana jibu.

Kutoka Lusu hadi mjini Nzega unakutana na misafara ya leo. Barabara itokayo Singida inagawanyika Nzega, mkono mmoja ukielekea Tabora, mwingine Shinyanga na Mwanza, na malori ya Rwanda na Burundi yanapita humo. Baa na grosari zimejipanga kandokando, nyama inachomwa, mhudumu anauliza kama unataka ya moto au ya baridi. Ni mahali pa starehe halali. Lakini ukitaka kinywaji kilichotengenezwa Nzega, acha lami, uliza kilabu kiko wapi. Utaelekezwa kwenye mabenchi chini ya kivuli, ndoo zenye vifuniko, kata na makopo, sahani ya karanga au matobolwa, na wazee wanaojadili bei ya pamba na ng'ombe.

Kazi ya kinywaji hicho ilianza siku nyingi nyuma. Mpika pombe huloweka mtama, akaufunika ukae na joto lake mpaka uote, akauanika, akausaga: hicho ndicho kimea. Halafu hupika uji wa unga, akauacha upoe, akautia kimea. Hapa ndipo ufundi ulipo. Kimea kikitiwa uji ukiwa wa moto mno hufa, na pombe haitapata utamu. Kikitiwa umeshapoa kabisa, wanga haugeuki sukari kama unavyotakiwa, na pombe itakuwa chachu bila nguvu. Mama yule hana kipimajoto, anaujua wakati kwa mgongo wa mkono. Baadaye huchemsha tena, hupoza, hutia kimea kingine kuamsha hamira, husubiri, huchuja. Mtoto na asiyekunywa pombe hupewa togwa, uji ule ule mtamu kabla haujachachuka. Machicha huenda kwa kuku na nguruwe. Hakuna kinachotupwa.

Na kinywaji hiki hakingoji. Siku ya kwanza bado kina utamu, siku inayofuata kimeiva, kisha kinakuwa kikali, na baada ya hapo ni siki. Hakifungwi chupani kikasafirishwa, kwa sababu bado kinachachuka. Viwanda vimejaribu: Chibuku, iliyoanzia Kopabelti ya Zambia miaka ya 1950, ilithibitisha kuwa pombe nzito ya nafaka inaweza kutengenezwa kwa wingi, ila nayo ina siku chache tu za kunyweka. Ndiyo maana wapikaji wa kilabu kimoja mara nyingi hupeana zamu, leo pipa la huyu, kesho la mwenzake, ili mnywaji apate iliyoiva na kila mama apate siku yake ya kuuza. Wachumi hutafuta sana mfano wa ushirika unaofanya kazi bila mfadhili. Waende kilabuni wakaulize juu ya zamu.

Kinywaji hiki kimefungwa na historia ya watu wa hapa kwa namna nyingi. Richard Burton alipofika Kaze, Tabora ya leo, Novemba 1857, aliandika kwa kirefu jinsi pombe ya mtama ilivyotengenezwa na kunywewa, na jinsi kila kijiji cha Kinyamwezi kilivyokuwa na nyumba ya wanaume, iwanza, walimokaa wakizungumza, wakicheza na kunywa. Safari za misafara ziliifanya pombe kuwa bidhaa ya sokoni. Maelfu ya wapagazi waliopumzika Unyanyembe, nchi ya Kaze, walihitaji chakula na kinywaji, na wanawake ndio waliovitoa. Tunapofundisha watoto biashara ya misafara tunawataja Waarabu wa Kaze, Mirambo na Tippu Tip. Mwanamke aliyeuza pombe kwa wapagazi naye alikuwa mfanyabiashara wa njia ile, na huyo hatumtaji.

Shambani nako, mtu aliyetaka palizi limalizike kabla magugu hayajamshinda alipika pombe akaita majirani. Baada ya mavuno, vijana wa Bagika na Bagalu waliposhindana kwa ngoma katika nchi ya Wasukuma na mpakani mwake, pombe ilikuwapo. Harusini ilikuwapo, kwenye tambiko ilikuwapo. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake cha 2002 kuhusu pombe Afrika Mashariki, anaonyesha jinsi kunywa kulivyohusishwa na mamlaka ya wazee: nani anakunywa, lini, na mbele ya nani. Fedha na miji vililegeza kanuni hizo. Kilicholegea ni adabu ya kunywa. Ufundi wa kupika ulibaki mikononi mwa wanawake.

Serikali za kikoloni ziliingia hapo. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia biashara ya vinywaji vikali kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara, na kwa miongo mingi pombe ya Mzungu ilikuwa ya Mzungu, ya Mwafrika ikawekwa kwenye vilabu vya kibali na saa maalumu. Baada ya uhuru tulitunga sheria zetu. Ile ya Moshi, yaani gongo, ya 1966 inakataza kuikeneka bila leseni, na Sheria ya Vileo ya 1968 inatambua leseni ya pombe ya kienyeji. Kwa hiyo tusichanganye mambo: mwanamke anayepika pombe ya mtama kwa kibali havunji sheria. Kinachomsumbua ni mtazamo. Afisa akihutubia, huitaja biashara yake pamoja na uchafu na uvivu. Siku ya msako, mgambo humwaga pipa lililochukua wiki nzima na gunia la mtama, na mama hubaki na deni la gunia.

Tumewahi kuona mwisho wa njia hiyo katika bara letu. Mjini Durban, kuanzia sheria ya Natal ya 1908, manispaa ilijipa ukiritimba wa kuuza pombe ya kienyeji katika kumbi zake. Wanawake waliokuwa wakiishi kwa kupika wakawa wahalifu, na faida ya kumbi ikagharamia utawala wa Waafrika wale wale waliokunywa humo. Watu hawakuacha kunywa. Fedha tu ndiyo iliyohama, kutoka mfuko wa mama kwenda mfuko wa manispaa. Juni 1959 wanawake wa Cato Manor walizivamia kumbi hizo, na miji mingine ya Natal ikafuata. Yeyote anayeandaa amri ya kufunga vilabu bila kufikiri wapikaji wataishije aisome habari hiyo kwanza.

Najua hoja za upande wa pili, na nyingine ni za kweli. Tabora ni mji wa misikiti mikongwe na makanisa makongwe, na wengi wa majirani zangu hawagusi kileo. Imani yao naiheshimu, na sitaki kilabu kijengwe ukutani mwa msikiti wala mlangoni mwa shule. Najua pia nyumba ambazo fedha ya pamba iliishia kilabuni, mke akapigwa, mtoto akakosa sare. Ulevi ni ugonjwa na ni dhuluma, na mwenye kuutetea hana heshima kwangu. Lakini tuangalie unakaa wapi zaidi. Pombe ya mtama kwa kawaida haina kilevi kuzidi bia ya chupa, na inashibisha. Walioharibika haraka tuliwaona wakati wa viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali vilivyopigwa marufuku Machi 2017, na tunawaona kwenye gongo inayopikwa gizani. Ukikifunga kilabu kilicho wazi, mnywaji hahami kwenda kwenye soda. Anahamia gizani.

Hoja ya usalama ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo inayonifanya nitake wapikaji watambuliwe. Januari 2015, huko Chitima katika jimbo la Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Mwanzoni uvumi ulisema ni nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ukaonyesha sumu iliyotokana na bakteria waliokua kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Mwaka uliofuata, hapa kwetu Dodoma na Manyara, sumukuvu kwenye mahindi iliua watu wapatao 20, na hao walikula ugali tu. Nafaka iliyoota ukungu ni hatari ikiwa ugali, ni hatari ikiwa kimea. Mpika pombe anayejificha hawezi kufundishwa kuchagua nafaka, kuanika juu ya turubai badala ya udongo, wala kutupa kimea chenye rangi ya kijani. Anayejulikana anaweza.

Na uwezo wa kumfundisha tunao. Usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania tangu 2019, na kila halmashauri ina maafisa afya. SIDO imekuwapo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na sijui kiwanda kidogo kuliko pipa la lita mia mbili. Mwaka 2018 Serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000, na ikafahamika kuwa mtu mdogo anaweza kuandikwa na kuachwa afanye kazi kwa amani. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha wapika pombe kiweze kuomba fedha hizo kwa jina lake, bila kujificha nyuma ya mradi wa kuku.

Mkopo wa kwanza ningetaka uende kwenye majiko. Kupika mara mbili kwa pipa moja hula kuni nyingi, na miombo ya Tabora tayari imelemewa na ukaushaji wa tumbaku. Burkina Faso, ambako wanawake hupika dolo ya mtama, wamehimizwa kutumia majiko yanayobana moto ili kuni zipungue. Msitu ukiisha, wanzuki nayo imekwisha, kwa hiyo jiko zuri linalinda vinywaji vyetu vyote viwili.

Kuna pia jambo la shamba. Nzega na Igunga ni nchi ya mvua za kubahatisha, na kila mwaka wa ukame wataalamu hurudia wito wa kulima mtama. Mkulima huuliza atauuzia wapi. Wanunuzi wake wa tangu zamani ni wapika pombe, na mtama mwekundu, ambao kwelea kwelea huupenda kidogo kwa uchungu wake, hufaa sana kwa kimea. Makampuni makubwa yameng'amua thamani hiyo. Uganda, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, bia ya Eagle hupikwa kwa mtama wa aina ya Epuripur unaolimwa na wakulima wadogo. Sheria yetu ya ushuru wa bidhaa nayo huitoza kidogo bia ya nafaka za ndani zisizooteshwa kuliko bia nyingine. Ni sera njema. Lakini kampuni ikitumia nafaka ya nyumbani inapewa nafuu ya kodi, na mama wa Lusu akitumia nafaka hiyo hiyo anapelekewa mgambo. Haki haiwezi kuwa na mizani mbili kwa gunia moja la mtama.

Ndiyo maana narudi kwenye ziara. Wageni hufika Kwihara, karibu na mji wa Tabora, kuona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, wakapiga picha, wakaondoka bila kuacha shilingi kwa mwanamke yeyote wa kijijini. Ziara ya kinywaji ingewashusha njiani: kwa mfuga nyuki waone mzinga wa magome, kwa mpika pombe waone kimea kikianikwa, kilabuni waonje kata moja ya iliyoiva, na asiyekunywa apewe togwa. Waelezwe wapagazi, iwanza na zamu. Walipe bei ya haki. Kijana wa Tabora anayesomea utalii aifanye kazi hiyo kwa Kinyamwezi na Kiswahili chake, kwa sababu hadithi hii anaijua tangu kwa bibi yake.

Madiwani wa Nzega na wa Manispaa ya Tabora hawahitaji kungoja Dodoma. Katika bajeti ijayo waandike orodha ya wapika pombe wa kila kata, wawape kibali cha bei wanayoimudu, wamtume afisa afya kufundisha kabla ya kutoza faini, waweke maji safi karibu na vilabu, na waseme hadharani kwamba kumwaga pipa la mtu mwenye kibali ni kosa. Waanzie Lusu wakitaka. Kata iliyoona dhahabu ikichimbwa mpaka ikaisha inastahili kuona biashara iliyobaki mikononi mwa watu wake ikiheshimiwa.